Uchambuzi wa kisa: Platuni iliyopungukiwa na watu watatu usiku

Kisa hiki kilitokea katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, kwenye mpango wa ROTC unaowaandaa wanafunzi wa kawaida kuwa maafisa wa jeshi la nchi kavu. Nilikuwa miongoni mwa wakufunzi wasaidizi. Majina, jimbo, mwaka na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa, na saa pamoja na idadi ya watu nimezigeuza kidogo bila kuharibu mtiririko. Nakiandika kwa ajili ya vijana wetu wanaoingia kwenye mafunzo ya aina hii, na kwa yeyote anayefundisha uongozi kwa vitendo.

Usuli

ROTC ilianzishwa kwa sheria ya ulinzi ya mwaka 1916, na hadi leo maafisa wapya wa jeshi hilo wanaotoka vyuo vya kiraia kupitia mpango huu ni wengi kuliko wale wa chuo cha kijeshi cha West Point. Msomaji aliyezoea habari za Monduli au Lanet lazima abadilishe picha kidogo. Kadeti wa ROTC haishi kambini. Analala bwenini, anasoma uhasibu au kemia kama wenzake, asubuhi na mapema anakimbia na kupiga pushapu, kwa wiki ana kipindi cha darasani na cha vitendo, na mara chache kwa muhula anakwenda medani mwishoni mwa juma. Akihitimu digrii ndipo anapewa kamisheni ya luteni usu, mradi awe raia wa Marekani. Deni la utumishi ni miaka 8, na sehemu yake inaweza kutumikiwa katika jeshi la akiba.

Mwaka wa tatu ndio mgumu. Hapo mkataba umeshasainiwa, na kadeti anazungushwa kwenye nafasi za uongozi: leo kamanda wa seksheni (kundi dogo ndani ya platuni), kesho sajini wa platuni, keshokutwa kamanda wa platuni yenyewe. Kila zamu inatathminiwa kwenye karatasi. Wanaopanga zoezi ni kadeti wa mwaka wa nne, chini ya usimamizi wa wakufunzi. Kiangazi kinachofuata wote hupelekwa Fort Knox, Kentucky, kwa zaidi ya mwezi mmoja, na huko hupimwa na watu wasiowajua. Matokeo yote huingia kwenye orodha ya sifa ya nchi nzima, na orodha hiyo ina uzito katika kuamua nani atakwenda kikosi gani: miguu, mizinga, uhandisi, tiba. Kwa hiyo kadeti wa mwaka wa tatu anaposikia kalamu ya mkufunzi nyuma yake gizani, anajua kinachoandikwa kinaweza kumfuata.

Wahusika

Kadeti N. alikuwa na miaka 20. Familia yake ilitoka mashariki mwa Kongo, ikapitia kambi ya wakimbizi Afrika Mashariki, kisha ikahamishiwa Marekani akiwa mtoto. Kiswahili ndicho walichozungumza nyumbani. Darasani alikuwa hodari, kwenye ramani na dira hakuwa na mpinzani, na udhaifu wake ulikuwa mmoja tuliouona mapema: hakutaka kutoa kitu mpaka kikamilike.

Kadeti D. alikuwa na miaka 27. Kabla ya kuja chuoni alishatumikia miaka kadhaa kama askari wa kawaida katika jeshi la akiba la jimbo, na alikuwa amepanda cheo huko. Mtulivu, mcheshi, anayependwa. Kwenye zoezi hili N. aliwekwa kuwa kamanda wa platuni na D. sajini wake. Kwa maneno mengine, binti wa miaka 20 aliyelelewa kutomhoji mkubwa wake alipewa mkubwa wake amwongoze. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Luteni usu anapofika kikosini kwa mara ya kwanza, sajini wake huwa ni mtu mwenye umri na uzoefu unaomzidi mbali, na ni afadhali aonje hali hiyo akiwa bado anasoma.

Yaliyotokea

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba. Saa saba mchana N. alipokea amri: platuni yake ya watu 34, yeye akiwamo, iwe tayari katika eneo la kuvizia ifikapo saa nne usiku, umbali wa kama kilomita mbili na nusu msituni. Walibeba bunduki za mpira na mizigo kamili.

Makadeti hufundishwa hatua nane za kuongoza kikosi, tangu kupokea kazi hadi kusimamia utekelezaji, pamoja na kanuni ya theluthi moja kwa mbili. Kiongozi hutumia theluthi moja ya muda alionao kupanga, na theluthi mbili huwaachia walio chini yake wajiandae. N. alikuwa na saa tisa, kwa hiyo amri yake ilipaswa kutoka kabla au ifikapo saa kumi jioni. Ilitoka saa kumi na mbili.

Amri yenyewe ilikuwa nzuri mno. Aya zote tano zilikuwepo: hali, kazi, utekelezaji, huduma, uongozi na mawasiliano. Alikuwa ametandika mfano wa ardhi chini ya mti, uzi wa buluu ukiwa kijito, uzi wa kahawia ukiwa barabara ya vumbi, kadi ndogo zenye namba zikiwa seksheni, na alizisogeza kadi hizo kwa fimbo kila alipotaja hatua mpya. Nilisimama pembeni nikaona makamanda wa seksheni wakiandika kwa kasi huku wakiangalia jua. Aliponyamaza, kilichobaki cha mwanga hakikuzidi nusu saa.

Walichokosa kwa sababu hiyo ni mazoezi ya majaribio. Walijaribu jinsi ya kushambulia, kwa kuwa ndiyo sehemu inayopendwa. Jinsi ya kusimama usiku na kuondoka tena hawakuijaribu kabisa. Amri nayo haikusema sajini wa platuni atembee wapi kwenye safu.

Waliondoka saa mbili kasorobo. Mvua nyepesi ilianza. D. alichagua kutembea katikati, karibu na timu ya bunduki nzito, na seksheni ya tatu ikafuata nyuma bila yeye. Saa tatu na robo N. aliwasimamisha wasikilize msitu. Wote wakalala kifudifudi, kila mmoja akielekea upande wake. Walikaa hivyo robo saa.

Kadeti mmoja wa seksheni ya tatu akapitiwa na usingizi. Nyuma yake walikuwa wawili, macho makavu. Walifundishwa kwamba mtu wa mbele akiwa chini, nawe unabaki chini, husemi, huwashi taa. Walimwona amelala kifudifudi, wakadhani kikosi kizima bado kimesimama. Safu ikainuka na kuondoka, wao wakabaki wakitii mafundisho. Kamanda wa seksheni alikuwa mbele na hakugeuka.

N. aliuliza idadi kwa kunong'ona. D. akapeleka swali nyuma, jibu likarudi kwa midomo kwamba wote wapo. D. akamwambia N.: 34. N. akaendelea.

Baada ya mita kama mia tatu wakafika kwenye barabara ya vumbi. Kuvuka mahali pa wazi kuna utaratibu wake, na N. alisimama mwenyewe ukingoni akawavusha mmoja mmoja, akigusa bega la kila anayepita. Mabega 30. Na yeye 31. Akahesabu tena upande wa pili. 31. Saa ilikuwa nne kasoro dakika kumi, na eneo la kuvizia lilikuwa mita mia nne mbele.

Uamuzi na sababu zake

D. alimvuta pembeni. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia. Hoja yake ilikuwa na akili: hapa ni eneo la mafunzo, wakufunzi wako kila mahali, hao watatu watachukuliwa tu. Tukiendelea tunawahi. Tukisimama tunapoteza kazi, na kazi ndiyo inayopimwa.

N. alinyamaza kidogo, kisha akatoa maagizo manne kwa mpigo. Platuni ijipange duara na ilinde pande zote. Mpiga redio aite makao ya kombania. D. achukue watu watatu arudi kwa njia ileile hadi pale waliposimama mara ya mwisho. Kamanda wa seksheni ya kwanza ashike nafasi ya sajini mpaka D. arudi.

Kabla D. hajaondoka, N. alimpa mpango wa tahadhari wa vipengele vitano ambao kila kadeti hukaririshwa: unakwenda wapi, unakwenda na nani, utatumia muda gani, nifanye nini usiporudi, na kila upande ufanye nini ukishambuliwa. Aliutamka wote bila kusoma. Kisha akachukua redio mwenyewe na kuripoti kwamba ana watu 31 badala ya 34, kwamba hajui walipo watatu, na kwamba hatafika eneo la kuvizia kwa wakati.

Nilimuuliza siku chache baadaye kwa nini hakumsikiliza D. wakati mambo mengine yote alimsikiliza. Akajibu kwa Kiswahili chake cha nyumbani: «Afande, mimi niliona mama zao. Ningesema nini?» Hakuwa amefikiria alama hata kidogo wakati ule. Alizifikiria alipokuwa amekaa kwenye mvua akimsubiri D., na alikiri kwamba hapo aliogopa.

Kulikuwa na uamuzi mwingine gizani ambao N. hakuujua. Mkufunzi aliyekuwa nyuma ya safu aliwaona watatu wakibaki. Alikaa nao, akatuarifu kwa masafa ya wakufunzi, akanyamaza. Angeweza kumgusa aliyelala kwa ncha ya buti na kisa kingekwisha pale. Sajini mwandamizi wetu, mtu wa miaka mingi jeshini, alikuwa ameagiza kabla ya zoezi kwamba pasipo hatari kwa uhai, mkufunzi asirekebishe kosa la kadeti kabla kadeti hajapata nafasi ya kuligundua. Watatu hawakuwa hatarini, baridi haikuwa kali, na mtu mzima mwenye redio alikuwa hatua tano kutoka kwao.

Matokeo ya usiku ule

D. aliwapata saa nne na dakika ishirini na kuwafikisha saa nne na nusu. Adui wa zoezi alikuwa ameshapita. Kwa kipimo cha kazi, platuni ilishindwa.

Kikao cha wakufunzi kilichofuata kilikuwa na ubishi wa kweli. Kapteni aliyeshika karatasi ya N. alitaka kumpa alama ya chini kabisa: muda wa kazi umekosekana, watu wamepotea, amri ilichelewa saa mbili. Kila neno lake lilikuwa sahihi. Sajini mwandamizi akasema kwamba tukimwangusha aliyeripoti 31, kufikia Jumatatu bweni zima litakuwa limejifunza kuripoti 34. Nilikuwa upande wake, na nilisema hivyo. Mkuu wa programu, luteni kanali, aliuliza maswali mengi kuliko alivyozungumza. Mwishowe aliamua karatasi iandikwe mambo mawili kwa uwazi, bila kimoja kufunika kingine: alama dhaifu kwenye kupanga muda na kusimamia walio chini, alama ya juu kwenye uadilifu na kutoa uamuzi chini ya shinikizo. Na N. apewe tena platuni muhula wa pili.

Tathmini baada ya zoezi

Utaratibu wa kukaa chini mara baada ya zoezi na kulichambua ulishika mizizi katika jeshi la Marekani miaka ya 1980, hasa kwenye kituo cha mafunzo cha Fort Irwin, California. Maswali yake ni mepesi: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini, na tutafanya nini safari ijayo. Vyeo huwekwa kando. Kwa maandishi ni rahisi. Kwa wanafunzi waliolowa, wenye njaa, wanaohofia alama zao, ni kazi.

Dakika za mwanzo zilikwenda bure. Mvua, giza, miti, redio mbovu. Sajini mwandamizi akakatiza kwa swali moja: nani aligusa bega la nani? Kimya. Akaenda kwa kila kamanda wa seksheni, jina kwa jina. Wa tatu akasema hakugusa mtu, aliuliza tu. D. akakaa muda, akainua mkono: naye aliuliza tu, hakuhesabu, na kule alipowahi kutumikia asingethubutu kufanya hivyo. Alipokwisha kusema hayo, yule aliyelala akasimama bila kuulizwa. Usiku wa kuamkia Ijumaa alikuwa amelala kwa muda wa saa tatu tu kwa sababu ya mtihani wa kati ya muhula, na Ijumaa usiku alishika lindo.

N. alizungumza mwisho. Alisema alichelewesha amri kwa sababu alitaka mfano wa ardhi uwe kamili, na kwamba aliposikia 34 kutoka kwa D. moyo wake ulisita lakini aliona vibaya kumuuliza mara ya pili.

Uchambuzi

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililo karibu nasi zaidi. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, imetosha. Heshima hiyo ni mali, sitaki kijana yeyote aitupe ili aonekane afisa wa kisasa. Tatizo la N. lilikuwa kuchukulia kuhesabu kama kutuhumu. Jeshini idadi hukaguliwa na watu wawili kwa njia mbili tofauti, na hukaguliwa hata kama sajini ni babu yako. Dawa aliyoitumia muhula wa pili ilikuwa ya utaratibu. Aliandika ndani ya amri, chini ya maelekezo ya pamoja, kwamba kila baada ya kusimama sajini anahesabu kwa mkono kutoka nyuma na kamanda anahesabu kutoka mbele, kisha namba zinalinganishwa. Ikishaandikwa kwenye amri, haimhusu D. wala mtu mwingine yeyote binafsi, na N. hana haja ya kujipa ujasiri kila mara.

Kuchelewa kwa amri ndiko kulikozaa mengine yote, ingawa kwa juu hakuonekani kuhusika. Saa mbili zilizoliwa na mfano wa ardhi ndizo zilizokuwa za kujaribu kusimama na kuondoka gizani. Seksheni ya tatu ingejaribu hata mara moja ingejua kwamba kabla ya kuondoka kila mtu anamgusa aliye nyuma yake na kungoja aguswe. Kadeti wengi wazuri huanguka hapa. Mwanafunzi hodari amezoea kulipwa kwa kazi iliyokamilika, na chuo kikuu kinamfundisha hivyo Jumatatu hadi Ijumaa. Kikosi kinahitaji amri ya kutosha mapema.

D. nilimhurumia. Uzoefu wake ulimfanya alegee mahali ambapo mgeni angekaza. Ushauri wake wa kuwaacha watatu pia ulitokana na uzoefu: alikuwa ameshiriki mazoezi mengi kiasi cha kuona zoezi kama zoezi. Wakufunzi tulizungumza naye faraghani, na aliyeongoza mazungumzo hayo ni sajini mwandamizi, kwa kuwa maneno yale yangetoka kwa afisa yangekuwa na uzito mwingine. Baadaye D. ndiye aliyepewa kuwafundisha mwaka wa pili namna ya kuhesabu safu usiku, na aliwafundisha kwa kuwasimulia kosa lake.

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni mkufunzi wa nyuma kukaa kimya. Watu wengi wanaofundisha uongozi hawawezi hili. Wanamwona mwanafunzi akielekea shimoni, wanamshika mkono, halafu wanashangaa kwa nini hajui kuona mashimo. Lakini ukimya ule ulikuwa na masharti: usalama ulikuwa umepangwa kabla, mtu alikuwepo, mawasiliano yalikuwepo. Kumwachia mwanafunzi akosee bila hayo matatu ni uzembe.

Kuhusu alama, bado nashikilia nilichosema kwenye kikao. Mwongozo wa uongozi wa jeshi hilo unataja uadilifu miongoni mwa maadili yake saba, na darasani kadeti hukariri yote. Lakini wanaamini wanachokiona kwenye karatasi ya tathmini. Ripoti ya 31 ilimgharimu N. kazi yake ya usiku ule, na ilikuwa halali imgharimu kwa sababu kweli hakufika. Ingemgharimu pia sifa ya uadilifu aliouonyesha, wengine 33 wangekuwa wameshuhudia somo kinyume na tulilofundisha. Kapteni, kwa haki yake, alikubali hoja hii, na muhula uliofuata alipendekeza mwenyewe kwamba mazoezi mawili ya kwanza ya mwaka wa tatu yaendeshwe bila alama yoyote, maoni ya mdomo tu. Programu ilikubali. Tofauti ilionekana upesi: makadeti walianza kuuliza maswali katikati ya zoezi, jambo ambalo zamani walilificha wasionekane hawajui.

N. alipopewa platuni tena, amri yake ilitoka kabla ya theluthi ya muda kwisha, na mfano wa ardhi ulikuwa na uzi mmoja tu. Alichelewa kidogo kuvuka kijito, kikosi chote kikafika. Alikwenda Fort Knox kiangazi na kumaliza vizuri, na mwaka uliofuata alitunukiwa kamisheni.

Halikutatuliwa suala la usingizi. Ratiba ya zoezi hupangwa na kadeti wa mwaka wa nne, nao hujaza kila saa kwa sababu wanataka zoezi lionekane zito. Wiki ya mitihani ya kati ya muhula iliangukia siku zilezile, na hakuna aliyefungua kalenda ya chuo kuangalia. Kijana aliyelala hakuwa mvivu. Katika saa arobaini na nane kabla ya pale alikuwa amefanya mtihani, ameshika lindo, na amebeba mzigo kilomita kadhaa. Tulipendekeza mambo mawili: tarehe za medani zilinganishwe na kalenda ya mitihani kabla hazijatangazwa, na mpango wa usingizi uwe sehemu ya amri ya platuni kama ulivyo mpango wa maji na chakula. La pili lilianza mara moja. La kwanza lilifanyika kwa zoezi la Oktoba peke yake, na hadi nilipoondoka pale zoezi la majira ya kuchipua lilikuwa bado linaangukia wiki ya mitihani.